Aliyefutwa Kote

Jambo lenyewe lilianza kidogo, kidogo kiasi kwamba mtu mwingine angelimeza pamoja na uji wa hospitali akaendelea na maisha yake. Mke wa fundi aliingia wodini, akaweka kikapu sakafuni, akasema, "Pole, Baba Kijana."

Fundi alikuwa amelala chali, mshono wa kidole tumbo ukimchoma. Alidhani dawa ya usingizi haijamtoka vizuri. Tangu mke wake alipojifungua wa kiume na wa kike kwa mpigo mmoja, hakuna aliyemwita vingine: mke, majirani, muuza vocha wa pale kona, wote walimwita Baba Pacha. Hata mkubwa wake kazini, mtu asiyejua utani, alimwita hivyo hivyo.

"Watoto hawajambo?" aliuliza.

"Mtoto hajambo. Anakusalimia."

"Na Redio?"

Redio ndilo jina la utani la yule wa kike, kwa sababu alikuwa hazimiki. Alizungumza akila, akioga, akiwa usingizini. Jioni baba yake akiinamia kompyuta, yeye alining'inia shingoni na kumwuliza, "Baba, hujamaliza tu?" mpaka mtu afunge kazi kwa kushindwa.

"Redio gani? Ile ya sebuleni?" Mke wake alicheka kicheko cha kumbembeleza mgonjwa. "Jamani, wamekupiga sindano gani hawa?"

Alipofika nyumbani, kile kidogo kilikuwa kimeota mapembe. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja, kimewekwa katikati ya ukuta kana kwamba hakijawahi kuwa na jirani. Hakukuwa na gauni msumarini wala kiatu cha kike chini. Kulikuwa na harufu tu, ya marashi makali ya waridi, kama mwanamke aliyejipamba amepita sasa hivi, na chini ya marashi hayo harufu ya nywele zinazoungua. Mwanawe wa kiume alikuwa amelala mchana huo, amejikunja ukingoni kabisa mwa kitanda, akiacha nafasi ya mtu.

"Dada yako yuko wapi?" fundi alimnong'oneza.

Mtoto alifumbua macho. "Sina dada, baba," alisema. Machozi yalimtoka, naye akayafuta akiyashangaa.

Fundi alimwuliza jirani, akampigia mama mkwe, akampigia mwalimu. Kila mmoja alimjibu kwa upole ule unaotisha kuliko matusi: una mtoto mmoja, mwanangu, pumzika. Usiku ule alimsikia mke wake jikoni akinong'ona kwenye simu, "Kesho kutwa nampeleka. Si ile wodi ya mwanzo. Ile nyingine." Alijua ni wodi gani, ile ya wagonjwa wa akili. Akiingia humo, hatabaki mtu hata mmoja wa kumtafuta binti yake.

Sasa ngoja niwaeleze kazi ya mtu huyu, na nyie mnaodhani majini hukaa makaburini tu, fungueni masikio. Alikuwa fundi wa kampuni inayotunza picha za watu: harusi, mahafali, watoto wanaojifunza kutembea. Picha hizo hazikukaa kwenye kompyuta moja. Zilikaa kwenye mashine tatu, ndani ya chumba kisicho na dirisha, chenye baridi kali, na mashine hizo zilifungamanishwa kwa kebo na kwa amri alizoziandika yeye mwenyewe kwenye skrini nyeusi, neno baada ya neno. Sheria aliyoziwekea ilikuwa rahisi. Picha ikiingia kwenye moja, inanakiliwa kote. Ikifutwa kwenye moja, inafutika kote. Na moja ikipishana na zile mbili, basi hiyo moja ndiyo mgonjwa, na mbili zitaitibu mpaka ifanane nazo. Sheria hiyo alijivunia kama mtu anavyojivunia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Asubuhi alitoka akidai anakwenda kununua dawa, akaenda mtaa wa pili kwa bibi mshona mashuka. Bibi huyo alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuiwekea kibao, na waliohitaji walimjua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, ila usiegemee hizo shuka, ni za watu."

Alimweleza yote, akijiandaa kuchekwa. Bibi hakucheka. Aliuliza juu ya mke, juu ya harufu, halafu akauliza juu ya kazi. Fundi alipofika kwenye ile sheria ya mashine tatu, bibi aliusimamisha mguu kwenye cherehani.

"Nani aliifundisha hiyo?"

"Ni mimi."

"Basi na yeye kakusikia." Bibi alishusha sauti mpaka fundi akalazimika kuinama. "Hawa wanaochukua watoto si wa leo. Lakini zamani mtoto akichukuliwa, mama analia, bibi analia, nyumba nzima inalia, na kilio kile ndicho kinachowaunguza. Mimi nawatoa kwa kilio. Huyu wako kakaa kwenye baridi yako, kwenye giza lako, kakutazama unavyofanya kazi. Kajua kwamba kitu kinaweza kufutwa mahali pamoja kikafutika kote, na asibaki wa kulia."

"Mbona mimi nakumbuka?"

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Chumba cha upasuaji. Wameniweka usingizi."

"Ulikuwa umezimwa. Sasa umewashwa, na unalala kati yao, nao wanakutibu. Gauni alilolipenda mwanao lilikuwa la rangi gani?"

Fundi alifungua mdomo. Rangi haikuja. Alijipiga paji la uso, akajipiga tena, na rangi haikuja.

"Umeona," alisema bibi. "Kuna mahali popote alipobaki?"

Ndipo akakumbuka. Picha za pacha wake alikuwa akiziweka kule kazini pamoja na za wateja. Na mashine ya tatu ilikuwa imeanza kuchemka kabla hajaugua. Aliizima mwenyewe, akachomoa kebo yake, akamwambia mwenzake asiiguse mpaka arudi. Ilikuwa imelala wakati zile mbili zinafuta. Humo ndani Redio bado yupo.

"Kimbia," alisema bibi. "Mimi nakwenda kukaa na mkeo. Ukimrudisha binti huko, nitamtoa jini huku. Ila nisikilize. Lolote litakalokuita mle ndani, kwa sauti yoyote, usiitike. Ukiitika, umechomeka waya wewe mwenyewe."

Alikimbia akiushika mshono. Jua lilikuwa kali, watu wanauza na kununua, na kwenye ngazi za ofisi yao harufu ya waridi ilikuwa ikimsubiri. Aliusukuma mlango wa chumba cha mashine. Mwenzake, ambaye wote walimwita Chapuchapu kwa sababu hata chai aliinywa ikiwa moto, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya tatu, kebo mkononi.

"Aa, Baba Kijana, umepona! Nimeisafisha feni, naichomeka sasa hivi zile mbili ziirekebi..."

"Acha! Acha hiyo kebo!"

"Kwani vipi? Dakika tu, itafanana na wenzake."

"Ukiichomeka nakuvunja mkono, wallahi tena."

Chapuchapu aliiweka kebo chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoka akirudi kinyumenyume. Huko nje alisikika akimtafuta mkubwa wao kwenye simu. Fundi alifunga mlango kwa ndani.

Aliiwasha mashine ya tatu peke yake. Maandishi meupe yalipanda kwenye skrini nyeusi. Aliandika amri ya kuorodhesha, akabonyeza, na faili zikajipanga mbele yake. Alifungua ya kwanza. Redio alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, gauni la manjano, mdomo wazi kwa sababu hata kwenye picha alikuwa akiongea. Manjano! Fundi alilia kwa sauti, peke yake, na alipolia feni za zile mashine mbili zilipanda ghafla, zikavuma kama zimechokozwa.

Aliandika haraka. Amri ya kwanza ilizuia mashine zisitibiane. Ya pili ilisema kwamba kwa folda hii, ya tatu ndiyo yenye ukweli na mbili zifuate. Alichomeka kebo. Skrini ilimjibu: mashine mbili hazikubaliani na hii, kama una uhakika, andika ndiyo. Aliandika n, akaandika d, na taa zikafifia, na marashi yakamjaa puani mpaka akayasikia ulimini, na nyuma yake pale ambapo palikuwa na ukuta mtupu kitu kikaanza kupumua taratibu kwa kufuatisha pumzi zake, akivuta kinavuta, akitoa kinatoa, naye akaandika i huku baridi ikipanda kutoka sakafuni kuingia kwenye mshono, akamsikia mke wake akimwita kwa upole twende nyumbani Baba Kijana umechoka, hakuitika, akamsikia mama yake mzazi aliyekwisha kuzikwa akimwita kwa jina la utotoni, akauma midomo, hakuitika, akaandika y, akaandika o, akanyanyua kidole ili abonyeze, na hapo mikono midogo, yenye joto, ikamzunguka shingoni.

"Baba," ilisema sauti. "Hujamaliza tu?"

Na yeye, kwa mazoea ya kila jioni, akajibu. "Naam, mama, namaliza."

Kidole kilishuka. Kitu kilichokuwa shingoni kilicheka kidogo, kikaachia. Kwenye skrini picha zilianza kunakiliwa kutoka ya tatu kwenda kote, moja baada ya nyingine, bila kosa.

Nyumbani mke wake alimpokea mlangoni. "Baba Pacha! Unakimbia na mshono? Unataka kutuua kwa presha?"

Baba Pacha. Alimsukuma pembeni akaingia. Walikuwa wote wawili mkekani, kaka na dada, gauni la manjano. Alipiga magoti, akamkumbatia, akamnusa nywele. Zilinuka jua na sabuni. Bibi alikuwa kwenye kiti, jasho limemlowanisha ushungi. "Katoka," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu akitoka."

"Alhamdulillahi. Sema, mama," fundi alimwambia mtoto. "Niambie chochote. Niulize lolote."

Mtoto alifungua mdomo. Shingo ilikaza, midomo ikacheza. Hakukutoka kitu.

"Unamtesea nini?" mke wake alisema. "Lini Kimya alisema?"

"Kimya nani?"

"Mwanao! Una wangapi wenye jina hilo?"

Fundi alimgeukia bibi. Bibi alimtazama kwa huruma. "Si uliniambia mwenyewe asubuhi, mwanangu? Kwamba wa kike ni bubu tangu kuzaliwa."

Alijua mara moja alichofanya alipoiitikia ile sauti, na alijua hakuna mashine iliyowahi kuwekewa sauti ya mtoto wake. Picha hazisemi. Iliyobaki ilikuwa kichwani mwake tu, naye usiku angelala kati yao.

Jioni ile alimpakata binti yake mlangoni, akaanza kumwigiza. Aliibana sauti, akaifanya nyembamba: "Baba, hujamaliza tu? Baba, ng'ombe anaota ndoto? Baba, kaka amenifinya." Mtoto aliruka mapajani pake, akatikisa kichwa kwa nguvu kukubali, akamgusa koo. Ndiyo. Hivyo hivyo. Alikumbuka. Wa kwanza kukumbuka pamoja naye alikuwa mwenye sauti mwenyewe. Fundi aliigiza mpaka koo likakauka, akalia, akaigiza tena, akamwahidi kwamba atafanya hivyo kila siku mpaka mwenyewe aichukue kinywani mwake. Alijitahidi asilale. Karibu na alfajiri usingizi ulimshinda, mke wake ubavuni.

Asubuhi mtoto alikuja mbio, akampandia mapajani. Alimshika kidevu kwa mikono miwili, akamfungua mdomo kwa vidole, akasubiri akimtazama.

Baba yake alicheka. "Unataka nini, Kimya wangu?"

Mtoto alimgusa koo. Akaligusa tena, kwa nguvu zaidi. Halafu uso wake ukakunjamana, mdomo ukafunguka wote, akaanza kumpiga ngumi kifuani.

"Mama Pacha," aliita fundi, akimpangusa mtoto machozi, "hebu njoo umwone mwanao. Sijui leo ana nini."