Pumzi Juu ya Rangi

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Kaka yake alipofariki aliacha mezani jeshi la Kihispania la zama za kale, askari wadogo wa sanamu wa mchezo wa vita, nusu yao hawajapakwa rangi. Shoga akawa anawamalizia, machozi yamekauka, moyo umekufa ganzi.

Jioni moja alitoka kununua rangi nyekundu ya ngao. Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika. Akiipapasa meza gizani, alisikia mtu akipuliza taratibu, fuu, fuu, kama anayekausha rangi. Alisimama akisikiliza.

Kutoka chumba cha pili mama yake akaita kwa uchovu, “Mwanangu, mwambie kaka yako apumzike. Zitakauka zenyewe.”

Kupuliza kukakoma.