Mume Wangu Alijua Risasi Zile Zina Kasoro

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Nambis kule Mbulu, niliyeolewa Gitting wilayani Hanang. Nawaandikia ndugu wasomaji nikiwa bado mtu wa kushtukashtuka. Upepo ukibamiza mlango, natetemeka. Sufuria ikidondoka, nakaa chini na kushika kichwa... Wanangu walikuwa wakinicheka, siku hizi wameacha.

Mume wangu, Baba Neema, aliwahi kufanya kazi kwenye kambi ya wawindaji. Huko alimwona mgeni mmoja akijitengenezea risasi kwa mkono: anachukua ganda lililokwisha kupigwa, analitia baruti mpya, halafu anakandamiza kichwa cha risasi juu yake kwa kifaa cha chuma. Aliporudi nyumbani alikuja na kifaa kama kile. Kibali cha bunduki alikuwa nacho. Cha kutengeneza risasi hakuwa nacho, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Sikatai, mikono yake ilikuwa ya fundi. Alinieleza kwamba kazi yote iko katika kujua kichwa kizame kiasi gani ndani ya ganda. Kikizama sana, baruti inakosa nafasi. Kikitokeza sana, kinabanwa na mistari ya ndani ya mtutu kabla hata hujafyatua. Basi alikuwa anakipaka masizi ya kibatari, anaingiza risasi isiyo na baruti kwenye bunduki, anaitoa, anatazama masizi yamekwaruzwa wapi. Anakandamiza kidogo, anajaribu tena. Jumamosi nzima! Chai inapoa, mimi naongea peke yangu kama redio.

Bunduki yake ilikuwa ya zamani, mtutu umelika kwa ndani, kwa hiyo vichwa aliviacha vitokeze zaidi. Ikawa inapiga pale pale anapolenga. Alifurahi kama mtoto, na kwa furaha hiyo akatengeneza risasi za wakwe zake kwa kipimo kile kile! Kaka yangu Paulo, ambaye naye alihamia Gitting na shamba lake linapakana na letu, akapewa. Baba yangu mzazi kule Nambis akapelekewa zake pamoja na blanketi na sukari. Bunduki zao zilikuwa za aina moja na ya kwake, lakini mitutu yao haikuwa imelika. Mtu aliyehangaika hivyo kupima ya kwake, alishindwaje kupima za wenzake?

Na kwetu mtu na mkwewe wanaheshimiana hadi inakera. Baba yangu hawezi kukirudisha alichopewa na mume wa binti yake, wala kukikagua. Ukimletea viatu vinavyombana, atavivaa kanisani na kushukuru.

Siku moja nyani waliingia kwenye mahindi mchana kweupe. Paulo akatoka na bunduki yake. Mimi nilikuwa naanika maharage, nikamwona risasi inamsumbua kuingia, akausukuma mkono wa kukokia kwa kiganja mpaka ukafunga. Kisha ukatoka mlio ambao sijawahi kuusikia... Paulo alikuwa chini, amejishika uso, damu inapita katikati ya vidole. Jamani! Kaka yangu mkubwa, mwanamume mzima, alikuwa anamwita mama.

Hospitalini jicho lake moja halikuokolewa. Mume wangu aliwaambia watu kwamba Paulo aliacha tope likaziba mtutu. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Kesho yake alasiri nilimkuta chumbani na bunduki ya Paulo, kitako chake cha mti kimepasuka. Alikuwa amepaka masizi kichwa cha risasi kama kawaida yake, ameingiza na kutoa. Masizi yote yalikuwa yamekwaruzwa! Akanitazama, nikajua kwamba anajua. Hapakuwa na tope lolote.

Hata hatujasema kitu, simu yangu ikaita. Alikuwa mama. Aliulizia hali ya Paulo huku akilia, kisha akaniambia nguruwe pori wamemaliza viazi, na asubuhi baba anatoka na wanaume wa kijiji kwenye msako. Akasema baba ameamua kutumia zile risasi za mkwe wake.

Mume wangu alisikia kila neno. Alinipokonya simu, akaizima, akaitia mfukoni. Aliniambia, "Mama Neema, hili libaki humu ndani. Ukifungua mdomo mimi nafungwa." Nikamuuliza, na baba? Alisema mzee hana kawaida ya kupiga ovyo, na kwamba atazifuata zile risasi taratibu, siku watu wakisahau.

Taratibu! Wasomaji wenzangu, mmewahi kumwogopa mtu mnayelala naye kitanda kimoja?

Alfajiri nilimwambia napeleka uji hospitalini. Nikapanda gari la kwanza kwenda Dongobesh, njia ya kwetu Nambis, chupa ya uji mapajani. Gari lilisimamasimama kushusha mizigo. Nilimwomba kondakta simu, namba ya mama naijua kwa kichwa. Mama akanijibu kwamba baba ameshatoka, na simu yake ameiacha juu ya kabati... Nilichukua pikipiki, nikamwambia kijana aendeshe kama anakimbiza mgonjwa.

Tulipofika juu ya mashamba nikasikia bunduki inalia. Nilishuka nikaanguka, nikainuka. Kwa mbali nikamwona baba amesimama ukingoni mwa viazi, koti lake la kijivu, anagongagonga mkono wa kukokia kwa kiganja. Kama Paulo! Kumbe mlio ule ulikuwa wa mtu mwingine.

Nilipiga kelele, "Baba, usipige!" Mbwa wanabweka, wanaume wanapiga mabati, nani atanisikia? Nikakimbia nikilia na kupiga kelele. Nguruwe akatokeza kwenye majani. Baba akainua bunduki. Wanaume walikuwa wananifukuza kwa mikono, wakidhani nimechanganyikiwa, na baba mwenyewe alinipuuza. Mzee huyu hajawahi kupokea amri ya mtoto wake.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nilisimama nyuma yake nikalia kwa sauti yote, "Shikamoo baba!"

Akashusha mtutu. Akageuka. "Marahaba."

Nilimkumbatia miguu na kumwambia kila kitu palepale mbele ya watu. Alikasirika. Alisema mkwe wake hawezi kumletea kitu kibaya. Lakini alipotaka kuitoa risasi ilikataa. Wakavuta kwa nguvu, likatoka ganda peke yake! Baruti ikamwagika kwenye mikono yao, na kichwa kikabaki kimekwama ndani ya mtutu.

Baba aliikung'uta baruti kwenye kiganja chake, akaniuliza swali moja tu: "Mumeo alijua?"

Nilijibu, "Alijua, baba."

Alikaa chini kwenye matuta ya viazi. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia kabla ya siku ile.

Mume wangu alikwenda mwenyewe kituoni baada ya wazee kumtaka afanye hivyo, na kesi inaendelea. Mimi nipo Nambis na wanangu. Paulo amesamehe, anapalilia kwa jicho lililobaki. Ndugu wa mume wangu wananipigia, wanasema niangalie watoto, kosa la kupima humtokea fundi yeyote. Ni kweli, na lile la kupima nimeshalisamehe.

Ndugu zangu, msitumie risasi za kutengeneza nyumbani, hata mkizawadiwa na mtu mnayempenda. Chombo kikikataa kufunga, msikilazimishe kwa sababu ya kumwonea mtu haya. Na wewe uliyekosea, sema mapema, watu wapone!

Wananiuliza nitarudi lini Gitting. Nirudi kwa nani? Aliizima simu yangu akijua baba anatoka asubuhi, kisha akala ugali, akaniambia nimpunguzie taa, akalala usingizi.