Mto Haukunji Turubai

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Shangazi Drieka Isaaks alirudi kwenye sakafu yake ya kuanikia akakuta kreti kumi na nne za zabibu kavu hazipo. Mto Orange ulikuwa unapanda tangu juzi. Jumatatu adhuhuri yeye alihamishwa kwa dadake, na kisiwa chetu kizima cha Rooisand kikashinda kwenye tuta la kuzuia maji kikijaza mifuko ya mchanga.

"Mto umebeba," alisema Mwenyekiti Abram Maasdorp, hata hajashuka kwenye trekta. "Pole sana, dada."

Pole! Mwaka jana mafuriko yalimchukulia kweli mavuno yote. Na sheria ya ushirika wetu, iliyoletwa na Maasdorp huyohuyo, inasema asiyeleta zabibu misimu miwili mfululizo ananyang'anywa shamba. Drieka ni mjane wa miaka sitini na minane, na kila mzabibu pale kaupanda kwa mikono yake. Kikao cha kutia sahihi kiliitishwa Ijumaa. Tope halijakauka, watu wanagawana shamba!

Lenie Slambee si polisi, ni mkaguzi wa zabibu kwenye ghala la ushirika. Lakini yule dada hamezi neno bila kulitafuna. Saa tatu alisimama na Drieka sakafuni. Turubai lilikuwa pembeni, kavu, limekunjwa mara nne, juu yake mawe manne. Alama ya tope la mafuriko iliishia hatua kumi chini ya sakafu.

"Shangazi, umelikunja wewe?"

"Nilikunje saa ngapi, mwanangu? Jana nililiacha limefunika kreti."

Lenie akatikisa kichwa. Hapa kwetu mtoto hufunzwa mapema: ukifunua zabibu za mtu, kunja turubai, weka mawe, upepo usilipeperushe. Mkono unafanya wenyewe, hata wa mwizi.

Watu wakamnyooshea kidole Faan, mpwa wa Drieka.

"Mwaka juzi uliuza toroli la shangazi yako," Lenie alimwambia. "Kreti umepeleka wapi?"

"Toroli niliuza, nakiri. Lakini jana nilikuwa tutani tangu saa sita mpaka giza. Waulize hawa wanaonichukia, ndio walionipokeza mifuko."

Waliulizwa. Walikubali kwa shingo upande.

"Nani hakuwepo?" Lenie akawauliza.

"Mwenyekiti. Alisema anahamisha zabibu zake."

Lenie akarudi ghalani. Kreti za Maasdorp zilipokelewa Jumatatu saa kumi jioni. Akazipekua mpaka chini, akachukua zabibu moja, akaichungulia pale kikonyo kilipong'oka. Hakumwambia mtu kitu.

Lazima niseme jambo moja. Kabla ya kuanika, sote huchovya zabibu kwenye maji ya magadi ya dukani ili zikauke upesi. Drieka peke yake huchoma kichaka cha porini na kuchovya kwenye maji ya majivu yake, kama mamake. Maasdorp alimcheka kikaoni mwezi uliopita: "Dada, tunauza zabibu au jiko?" Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, na naona aibu mpaka leo.

Ijumaa, saa nne, karatasi ya kumnyang'anya Drieka shamba iko mezani pale ghalani. Lenie akaingia na kreti.

"Mwenyekiti, hizi zako?"

"Si nimezileta mwenyewe?"

"Ulizichovya kwenye maji ya nini?"

"Magadi ya dukani, kama mtu mwenye akili."

"Majivu hujawahi kutumia?"

"Mimi? Uchafu ule? Hata siku moja!"

Lenie akamimina zabibu kwenye bakuli jeupe la maji ya moto, akazisugua, akaziopoa. Chini zikatulia chembe za kijivu. Akalisukuma bakuli mbele ya Maasdorp.

"Basi uchafu huu umetoka wapi?"

Maasdorp akatazama bakuli, akatazama mlango. Mlangoni alisimama Faan.

"Mwanangu ana watoto watatu, hana hata mche mmoja," Maasdorp alisema. "Ndiye anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri shamba. Na huyu ni mzee, yuko peke yake. Shamba la nini?"

"Loo!" Faan akapiga kofi. "Mimi naitwa mwizi kwa toroli, kumbe mwenzangu anaiba shamba zima!"

Ghala likachafuka kwa kelele. Drieka akainuka, akaichana ile karatasi.

"Abram," alisema, "huu mto umenizamisha mara tatu. Lakini kila mara ulikuja mchana kweupe, unanguruma, nikajua adui anakuja. Haukunipa pole."

Tukamfanya azirudishe kreti zote kwenye rundo lililoandikwa Isaaks, moja moja, sote tukitazama. Alipotua ya mwisho, Drieka akamletea turubai lake.

"Zifunike," alisema. "Kulikunja tumeona unajua."