Yaya Atoke Kwanza

IJUMAA, BAADA YA SWALA

Munir alifunga mlango wa duka, akageuza kibao, akawaongoza wenzake nyuma. Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea na udi. Mbele lilikuwa duka la kweli, katikati ya saluni na dobi pale Burnsville, ughaibuni: vioo vya simu, chaja, makava. Nyuma kulikuwa na meza moja na viti vinne.

Watu wanne. Munir mwenye duka, mtu wa Mombasa, kanzu ya Ijumaa chini ya jaketi la baridi. Wanjala, dereva wa foklifti kwenye ghala moja kule Eagan. Mugisho, dereva wa chochote chenye magurudumu. Na Rachelle, mwenye diploma ya kompyuta, anayefunga maboksi kwenye ghala hilohilo kwa sababu diploma haikumfikisha mbali zaidi ya hapo.

"Memori," Munir alisema. "Hizi za kompyuta. Bei imepanda kama imeingiwa na jini. Paleti mbili."

"Jumamosi zimelala tu pale ghalani kwetu," Wanjala alisema. "Bosi hayuko. Mlinzi ni mmoja, na wakati wa chakula anatazama mpira wake."

"Magari mawili. Langu na la Mugisho. Kila gari paleti moja. Geti je?"

Wote wakamtazama Rachelle.

Alitoa simu, akaiweka mezani. Simu ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni. Akagusa. Dirisha jeusi likafunguka, maandishi meupe yakashuka.

"Hii ni Linux. Mashine pepe. Kompyuta nzima inayoishi ndani ya simu, haina mwili wake. Laptop haivuki mlangoni kwetu, wanapekua. Simu inavuka. Nikiwa ndani, hii itaingia kwenye wifi ya ghala na kuliambia geti: fungua. Itarudia, itarudia. Ikinyamaza, geti linashuka lenyewe, linajifunga, na kengele inaita polisi."

"Kwa nini inyamaze?" Munir aliuliza.

"Memori ya simu ni ndogo."

Wanjala alicheka kwa pua. "Tunaiba memori kwa simu isiyo na memori."

"Ukifungua kitu kizito," Rachelle aliendelea, "simu inatafuta cha kuua ili ipate nafasi. Haikuulizi. Na inaanza na Linux. Kwa hiyo mtu asinipigie kesho. Video, sauti, chochote. Nitumieni maandishi tu. Mkinipigia mmejifungia ndani wenyewe."

"Hakuna kupiga," Munir alisema. "Umesikia, Mugisho? Wewe ndiye mpenda simu."

"Nimesikia."

"Yaya, vaa kofia kesho," Rachelle alimwambia Mugisho.

Munir alicheka mpaka jino la dhahabu likaonekana. "Kila siku nakusikia wamwita yaya. Kwani alikubeba mgongoni? Alikubadilisha nepi?"

"Kidogo," Rachelle alisema.

Mugisho alitazama viatu vyake.

Kwa Munir, yaya ni mwanamke anayelipwa kulea watoto wa watu. Huko Uvira walikotoka Rachelle na Mugisho, yaya ni mkubwa wako, aliyetoka tumbo lilelile kabla yako. Karatasi nazo hazikumsaidia Munir. Mmoja aliandikwa Mugisho Rukundo, mwingine Rachelle Uwineza. Kwao kila mtoto hupewa jina lake. Kwa kina Munir, jina la baba humfuata mtoto mpaka kaburini. Aliona majina hayafanani, akaamua wamejuana kanisani. Hakuna aliyemsahihisha. Walikuja kazini, si kutambulishana ukoo.

Wengine walipotoka, Munir alimzuia Rachelle kwa kidole.

"Sikiza, dada. Mugisho hatoki."

Rachelle alitia simu mfukoni.

"Polisi lazima wapate mtu. Wakikosa mtu watatafuta mwezi mzima. Wakipata mtu na mzigo, waenda kwao kulala. Gari langu litapakiwa kwanza. Nikishatoka, waachia geti. Yeye abaki."

"Atakutaja."

"Hanitaji. Mamake akaa Oakdale. Najua jengo, najua mlango. Na yeye ajua kuwa najua." Munir alikunja mikono ya kanzu. "Au una neno? Si mtu wako."

Rachelle alijisikiliza ndani. Alitegemea kukuta hasira. Alikuta kitu kama sakafu ya sebule baada ya fanicha kuhamishwa. Mama wa Oakdale aliitwa Mukandayisenga, na asubuhi ile ndiye aliyemfungia Rachelle chakula cha kazini.

"Sina neno," alisema.

"Safi. Ndiyo maana nakupenda. Huna makelele."

IJUMAA, JIONI

Mugisho alimpeleka nyumbani. Barabara ya 35 ilikuwa imejaa, taa nyekundu mpaka mwisho wa macho. Theluji ya pembeni ilikuwa nyeusi kwa moshi.

"Alikuambia nini kule nyuma?" Mugisho aliuliza.

"Mambo ya geti."

"Rachelle. Nikishikwa tena, weye unajua."

Alijua. Mugisho alikuwa na kosa moja la zamani, ugomvi wa baa, na hakuwa na uraia. Kwa kosa la pili angepandishwa ndege, arudishwe kwenye nchi aliyoiacha akiwa na miaka tisa. Rachelle alikuwa amekwisha kula kiapo cha uraia, amepewa pasipoti ya bluu. Yeye angefungwa tu. Mugisho angefutwa.

"Ukitoka pale usisimame," alisema. "Usigeuke. Liache gari popote, na mzigo ndani. Nenda kwa mama."

"Na mzigo ndani? Sasa tunaiba ya nini?"

"Yaya. Nenda kwa mama."

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa. Halafu akarudisha macho barabarani. Hakuuliza tena. Tangu kambi ya wakimbizi, Rachelle akisema neno moja mara mbili, Mugisho hulitii.

JUMAMOSI, ASUBUHI

Mlinzi alipekua begi la Rachelle. Wali, maharage, kijiko. Akaona simu, akakitazama kioo chake.

"Badilisha hiyo skrini," alisema kwa Kiingereza.

"Nina mtu Burnsville," Rachelle alijibu.

Akapita.

Alifunga maboksi. Utepe, kisu, utepe. Karibu na mapumziko, Wanjala alipita na foklifti, akapunguza mwendo.

"Niaje, msomi? Moyo uko wapi?"

"Mahali pake." Rachelle hakuinua kichwa. "Mpango umebadilika. Anza na gari la Mugisho."

"Munir amesema?"

"Amesema."

"Mbona hajaniambia mwenyewe?"

"Hakuna kupiga simu, umesahau?"

Wanjala alitafakari. Alikuwa mtu mwema kwa namna ya watu wanaopenda kuambiwa cha kufanya. Mkewe Natasha alikuwa na mimba ya tatu. Nusu ya mazungumzo yake ilikuwa vitanda vya watoto.

"Poa," alisema. "Mimi naingia gari gani tukimaliza?"

Hapo ndipo angeweza kumwambia. Panda la Mugisho. Maneno matatu. Lakini Wanjala angeuliza kwa nini, na Wanjala akijua kitu, uso wake hukijua pia, na Munir angekuwa mbele ya uso huo kwa muda wote wa kupakia.

"La Munir," alisema. "Kama mlivyopanga."

JUMAMOSI, MAPUMZIKO YA CHAKULA

Chumba cha kulia kilinuka samaki wa mtu kwenye maikrowevu. Rachelle alikaa dirishani juu ya uwanja wa kupakilia. Akafungua dirisha jeusi. Akaandika mstari mmoja, akagusa.

Chini, geti likapanda.

Magari yakaingia. La Munir jeupe, la Mugisho la kijivu. Mugisho hakuwa amevaa kofia. Wanjala akaja na paleti ya kwanza, akapita mbele ya gari jeupe bila kusimama, akaenda kwa la kijivu.

Mlango wa gari jeupe ukafunguka. Munir akatoa mguu mmoja nje. Akasema kitu. Wanjala akainua dole gumba, akaendelea kupakia.

Munir alirudisha mguu. Rachelle alimwona akitoa simu, akiishika mbele ya uso. Kidole kikasimama hewani. Kupiga ni kufunga geti, na yeye yuko ndani. Hakuna kupiga. Alilisema mwenyewe, mezani kwake.

Ujumbe ukaingia juu ya dirisha jeusi.

*Mbona yeye kwanza?*

Rachelle alikula kijiko cha wali. Akaandika: *Kosa la Wanjala. Tulia. Wewe unafuata.*

*Usimwachie geti atoke!!*

*Nikilishusha nakufungia na wewe.*

Akachota maharage.

Gari la kijivu likatoka. Likapita chini ya geti, likakunja kulia, taa ya breki haikuwaka hata mara moja. Mugisho hakugeuka. Rachelle aliangalia barabara mpaka hakuna kilichobaki cha kuangalia.

Paleti ya pili ikaingia gari jeupe. Wanjala akaruka kutoka kwenye foklifti, akakimbia, akapanda upande wa abiria. Kabla ya kufunga mlango alitazama juu dirishani, akampungia mkono.

Rachelle alipunga pia.

Halafu akafungua video. Mama aliituma Jumapili: kwaya ya kanisa, akina mama wa Oakdale wamevaa vitenge sare, wimbo mrefu, picha kali, nzito kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kwenye simu ile. Gurudumu dogo likazunguka. Simu ilikuwa inatafuta cha kuua.

Haikumuuliza.

Mama akaanza kuimba sauti ya pili. Dirisha jeusi halikuwepo tena. Chini, geti likatetemeka, likaanza kushuka. Gari jeupe lilikuwa limeshaondoka mahali pake. Munir alikanyaga mafuta, kisha akakanyaga breki. Matairi yakaserereka juu ya barafu, pua ya gari ikagonga chuma kilichokuwa kimekwisha kugusa sakafu.

Kengele ikalia.

Sasa Munir akapiga. Simu ilitetemeka mkononi mwa Rachelle, jina lake juu ya nyuso za wanakwaya. Akapiga tena. Tena. Rachelle aliiacha iite, akamaliza maharage, akafunga kopo.

"Nini kile?" mwanamke wa samaki aliuliza.

"Geti," Rachelle alisema.

JUMAMOSI, ALASIRI

Polisi waliwatoa wafanyakazi mmoja mmoja. Jina, anwani, unaweza kwenda. Majina yao yangerudiwa baadaye, Munir akianza kusema. Atasema. Rachelle alikuwa ameshalipigia hesabu.

Nyumbani Oakdale, mama hakuwepo. Njiani Rachelle alikuwa amempigia, akamwambia abebe nguo, aende kwa dada yake, Bernardine, akae huko mpaka aambiwe. Mama aliuliza kama Mugisho amekula.

Mugisho alikuwa jikoni, bado na jaketi. Mikono yake ilishika meza kama usukani.

"Wanjala ametoka?"

"Hapana."

"Ulijua hatatoka?"

"Nilijua."

"Munir alitaka nibaki mimi. Ndiyo?"

"Ndiyo."

Mugisho alikaa. Alikaa vibaya, nusu ya kiti. "Lakini Wanjala hakufanya kitu. Wanjala alikuletea kuku mlipohamia hapa. Natasha ana tumbo kubwa hivi."

"Najua tumbo lake."

"Ungemwambia apande langu!"

"Munir angemsoma usoni. Ungebaki wewe."

Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, pole pole, upande mmoja na kisha mwingine. Mugisho alilia kidogo bila sauti, namna alivyolia kwenye ndege walipokuja, uso umeelekezwa ukutani. Rachelle alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Akawasha jiko, akaweka sufuria ya chai.

"Polisi watakuja," Mugisho alisema.

"Watakuja. Utasema ulikuwa hapa, mgonjwa. Mimi nitasema mpango wa gari la kijivu ni wangu, dereva simjui. Munir na Wanjala hawawezi kuthibitisha dereva ni nani. Mimi nina pasipoti yao. Watanifunga, nitatoka."

"Kabla hawajaja." Alijifuta uso kwa mkono wa jaketi. "Mpigie Natasha. Tafadhali. Asisikie kwa polisi. Mwombe msamaha, Rachelle. Neno moja tu."

Simu ilikuwa mezani kati yao. Nyepesi sasa, haina mashine ndani.

Rachelle aliichukua, akatafuta jina, akapiga. Iliita mara chache.

"Natasha. Ni Rachelle. Wanjala amekamatwa Eagan. Tafuta wakili leo, usingoje Jumatatu. Ni mimi niliyeshusha geti."

Sauti upande wa pili ilipanda, ikavunjika, ikauliza swali moja mara nyingi. Mugisho alikuwa anamwashiria kwa mikono miwili. Sema. Sema basi.

"Kwa sababu mmoja lazima angebaki," Rachelle alisema, "na huyu ni yaya wangu. Hapana, Natasha. Siombi msamaha."