Amarilisi za Kanyosha

Ingrid alikwenda Soko Kuu la Bujumbura kununua ndagala, dagaa wa ziwani, hakwenda kutafuta ugomvi. Lakini pale kwa wauza maua alimwona kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akibembeleza apunguziwe bei ya amarilisi mbili nyekundu zilizochanua kwenye makopo ya maziwa.

"Namegabe!"

Kijana akageuka. Uso ukamshuka.

"Sheri, mpenzi wangu! We unafanya nini huku?"

"Mi ndiyo nikuulize! Jana si ulinipigia simu? 'Maua ya mama yako yamechanua, mpenzi, Jumapili wazee wangu watakuja nayo kukuposa.' Haya! Kumbe yamechanulia kwa Léocadie?"

Léocadie, mwenye maua, akajifanya anapanga makopo. Masikio yote yalikuwa huku.

Hebu niambieni, ni haki hiyo? Julai ile mabomu ya vita yalipoangukia mtaa wao wa Kanyosha, mama yake Ingrid alifariki, na binti akakimbilia kwa shangazi yake mtaa wa Bwiza na begi moja na vitunguu vitatu vya kupandia amarilisi alivyong'oa kwenye bustani ya marehemu. Kwa shangazi hapakuwa na nafasi ya kuweka hata ndoo. Akampa mchumba wake avitunze, huyu Namegabe, kinyozi wa Buyenzi, Mkongo wa Bukavu mwenye maneno matamu. Akamweleza polepole: kiangazi usivipe maji, majani yakauke yenyewe, viache vilale mahali pakavu, mvua ikikaribia ndipo uviamshe. Kuna kigumu gani hapo?

"Viko wapi vya mama?"

"Vilioza, sheri. Nilivionea huruma. Jua lote lile, nivitazame tu na kiu? Nikawa navimwagilia asubuhi na jioni."

"Nilikuambia uviache vilale!"

"Nilijua utalia, ndiyo maana nikasema—"

"Kuoza ningekusamehe! Lakini ulitaka nimlilie mama yangu mbele ya ua la sokoni! Nikiolewa nawe, siku mtoto ana homa utaniambia anacheza? Jumapili wazee wako wasije!"

Akaondoka na kitenge chake cha njano kikimpiga miguuni. Ndagala alizisahau.

Simu za Namegabe akawa anazikata. Alhamisi akapokea moja, na matusi akiwa nayo tayari mdomoni.

"Ingrid, niko Kanyosha. Kwenu."

"Yesu wangu! Kanyosha gani, na risasi zimelia huko jana tu? We una wazimu?"

"Natafuta kama kimebaki hata kimoja—"

Simu ikakatika.

Hasira ya sokoni ilikuwa mchezo tu. Sasa Ingrid alizunguka uani akimtukana peke yake huku machozi yanamtoka. Mjinga yule! Afe kwa ajili ya kitunguu! Nani kamtuma? Alipiga simu mpaka betri ikaisha, na shangazi akimwambia akae hakai.

Jua lilikuwa linazama Namegabe alipoingia langoni, shati jeupe limekuwa rangi ya udongo, kitunguu kimoja mkononi. Ingrid hakungoja salamu. Akamvamia, akampiga kifuani kwa mikono miwili.

"Maua naweza kupanda mengine! Wewe nitakupanda wapi?"

Namegabe akakubali kupigwa. Ingrid alipochoka, akamshika shati, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nyumba yetu ikoje?"

Namegabe akafungua mdomo. Ingrid aliliona neno tamu linakuja, alilijua sana lile tabasamu lake. Kijana akalimeza.

"Haina paa," akasema. "Wameng'oa hata milango. Bustani ya mama imechimbwachimbwa yote. Nimepata hiki tu, na nusu kimeliwa na funza."

Ingrid akakaa chini palepale akalia, kilio ambacho hakuwahi kulia tangu Julai. Namegabe akakaa kando yake. Akawa anakipangusa kitunguu udongo kwa pindo la shati lake.

"Kitachanua?"

"Mwaka huu apana. Mwakani, sijui, Ingrid. Huenda kikafa."

Ingrid akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akamnyang'anya kitunguu.

"Wazee wako waje Jumapili," akasema, bado amefura. "Na hiki usikiguse. Maji nitakipa mwenyewe."