Mlango Ndani ya Picha

Karakana ilinuka utambi uliozimwa sasa hivi, na hakukuwa na mshumaa. Fundi wa picha alinusa mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Tangu amzike binti yake mkubwa, miezi saba nyuma, roho yake ilikuwa imekufa ganzi. Hata mazishini hakulia, na majirani, ambao midomo yao haijui likizo, walilisema hilo mpaka likawachosha wenyewe.

Picha iliyokuwa mbele yake ilichorwa Ulaya, miaka mia tano iliyopita. Bibi kijana ameketi, mkononi ameshika mshumaa uliozimwa, begani ametuliwa na ndege, na nyuma yake mlango uko wazi kidogo. Mwenye picha alitaka itolewe masizi. Fundi alifuata desturi ya kazi yake: unalowesha pamba kwa mate, unasugua taratibu, unaitupa, unachukua nyingine. Mate ni mapole kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kitabu cha alama za wachoraji wa kale kilimweleza kwamba mshumaa uliozimwa ni uhai uliokatika, ndege ni roho, na mlango ulio wazi ni tumaini la kuonana tena. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaisoma picha kama barua aliyoandikiwa yeye: mwanawe hajapotea, yuko chumba cha pili tu. Akiwa amezama humo akairudisha mdomoni pamba iliyokwisha tumika, akahisi utamu, yeye ambaye kwa miezi saba hakuwa ameonja hata chumvi. Kuanzia hapo hakutupa pamba tena.

Siku ya nne mlango wa kwenye picha ulikuwa umeongezeka upana wa kidole. Siku ya sita ikatoka humo sauti nyembamba: "Mama."

Alimsimulia dada yake kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Dada ndiye aliyetetemeka, akaenda kumleta mganga, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Mganga aliitazama picha, kisha akautazama ulimi wa fundi, uliokuwa mweusi.

"Alama umezisoma wewe, kwa uchungu wako," alinong'ona. "Na jini aliyemo humo naye akakusoma wewe. Umemlisha mate yako. Kimebaki kitu kimoja tu, kuitikiwa. Leo ataita mara tatu. Asipoitikiwa, anaondoka. Akiitikiwa, anamwingia aliyeitika, na huyo mimi simwezi."

"Na kama ni mwanangu kweli?"

"Wafu hawaiti, binti yangu. Wafu wanaombewa."

Fundi alimlaza binti yake wa mwisho, wa miaka minne, chumba cha nyuma. "Lala, mama," akamwambia, kama wazazi wanavyowaita mabinti zao wadogo, akaurudishia mlango.

Ilikuwa mchana kweupe. Mganga alianza maneno yake chini chini, dada akamshika fundi mkono, harufu ya utambi ikajaa mpaka macho yakawasha, na sauti ilipoita mara ya kwanza fundi aliuma mdomo, na ilipoita mara ya pili, kwa ile sauti ya homa ya siku za mwisho za bintiye ambayo hakuna mwingine aliyeisikia ila yeye, kitu kilimvunjika kifuani, akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili huku jasho likimtiririka na miguu ikitaka kwenda yenyewe, lakini hakuitika, hakuitika, alisimama pale pale akimkataa mwanawe kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Mama," sauti ikaita mara ya tatu.

"Abee," akaitika mtoto kutoka mlango wa chumba cha nyuma, akijifikicha macho.

Ganzi ilimtoka fundi palepale, miezi saba yote kwa mkupuo mmoja, akapiga magoti akilia. Mganga alikuwa ameshakatiza maneno yake. Mtoto akamsogelea mama yake, akampangusa machozi kwa kiganja, akamuuliza kwa upole wa mtu mzima kwa nini yeye hakuitika.