Walitukatia Mama Akiwa Ameinua Mkono

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mshonaji wa nguo hapa Gitega, Burundi. Haya ninayoyaandika sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho...

Mama yangu aliishi Muyinga na mdogo wangu Hamisi. Mama alikuwa kiziwi. Homa kali ilimwondolea masikio nikiwa bado mtoto, basi nyumbani tukajizoeza kuongea kwa mikono, kwa ishara zetu wenyewe ambazo hata majirani hawakuzielewa. Kushika kidevu ilikuwa kuuliza kama umekula. Simu ya kawaida haikutufaa kitu. Ili niongee na mama ilibidi tuonane!

Alipougua, mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana. Mabasi yamelala. Kila asubuhi nilikwenda kituoni na mfuko wangu, kila asubuhi nikarudi nao. Ningefanya nini? Ningeota mabawa?

Ijumaa moja Hamisi akanipigia. Alisema mama amezidiwa, na anapitisha kidole shavuni. Hilo ndilo jina langu kwa mama, kwa sababu ya kovu nililo nalo. Ananiita mimi!

Kamera ya simu yangu ilikuwa imekufa. Jirani yangu, Mama Sakina, Mungu amlipe, akaniazima tableti ya mwanawe, ila haikuwa na laini. Nikakimbilia kwa kijana anayeuza forfait, yaani vifurushi vya intaneti, pale kona. Nikamweleza wazi kwamba simu yangu ndiyo itakayoipa tableti intaneti. Akasema hakuna shida. Nikanunua forfait kubwa kabisa.

Nikampigia Hamisi kwa video. Ikashika! Nikamwona mama... Amekonda, jamani, amebaki macho tu. Aliponiona akatabasamu, akainua mkono ili aniambie kitu. Nami nikainua wangu.

Picha ikaganda. Kisha giza.

Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: forfait hii ni ya simu peke yake, ukitaka kushirikisha intaneti na chombo kingine, lipia nyongeza. Nyongeza ya nini tena? Si nimeshainunua? Nikiitumia kwenye simu au kwenye tableti, wao inawauma wapi?

Nikarudi mbio, miguu mitupu.

"Mama, partage, kugawa intaneti, iko na forfait yake," yule kijana akaniambia bila hata kunitazama. "Si mi, ni bakubwa ba kampuni."

Nikalipa. Ujumbe mwingine ukaja: subiri, ombi lako linashughulikiwa. Nikakaa vumbini palepale, simu mkononi, watu wakipita wananishangaa. Mama yangu anakata roho, na ombi linashughulikiwa!

Simu ikalia. Alikuwa Hamisi. "Dada... mama ametutoka."

Walimzika jioni ileile, kama dini yetu inavyotaka, mimi nikiwa Gitega nalia kama mtoto.

Lakini kilichonimaliza ni alichonieleza Hamisi baadaye. Picha ilipokatika, mama aliendelea kuninyooshea mkono kwenye kioo cheusi. Kisha akasugua viganja, yaani: amekasirika? Hamisi alijaribu kumweleza kuwa kosa ni la mtandao. Angemweleza vipi? Katika ishara zetu zote, ishara ya mtandao hatuna! Mama akageukia ukutani, na hakuinua mkono tena.

Alitaka kuniambia nini? Nimejiuliza hadi kichwa kinauma.

Ndugu zangu, nawasihi, kabla hujatoa pesa yako uliza kama intaneti unayoinunua utaruhusiwa kuigawa, na usiridhike na neno la muuzaji. Na kama mzazi wako yuko mbali, nenda ukamshike mkono siku ambazo gari zinatembea. Usimwachie simu kazi hiyo. Mimi niliiachia, na mama yangu amelala Muyinga akiamini kwamba mwanawe alimkasirikia.